Mafuriko ya Rufiji: Tusiishie Kusema "Ni Mapenzi ya Mungu"



Kila mvua kubwa inapopita na kuacha misiba, kauli mbili husikika haraka katika parokia zetu. Ya kwanza ni "Ni mapenzi ya Mungu." Ya pili, ambayo mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini, ni "Si walikuwa wameambiwa wahame?" Tunaandika makala hii kwa sababu tunaona kauli zote mbili zina kasoro moja: zinafunga mjadala kabla haujaanza. Ikisemwa ya kwanza, hakuna wa kuulizwa isipokuwa Mungu. Ikisemwa ya pili, hakuna wa kuulizwa isipokuwa marehemu. Sisi wengine tunarudi nyumbani na amani yetu, na masika inayofuata inatukuta palepale.

Yaliyotokea

Tuchukue mfano wa karibu, mafuriko ya masika ya 2024. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mjini Dodoma kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na mvua hizo na 236 kujeruhiwa. Kaya zaidi ya 51,000 na watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika. Miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana ni wilaya za Rufiji na Kibiti mkoani Pwani, ambako maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba, nyumba, shule na nyumba za ibada kwa wiki kadhaa. Watu walisafiri kwa mitumbwi mahali ambapo mwezi mmoja kabla walipita kwa baiskeli. Mpunga ambao ulikuwa unakaribia kuvunwa ulioza ndani ya maji. Kabla jeraha halijapona, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, na barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga.

Majirani zetu nao hawakupona. Nchini Kenya masika hiyohiyo iliua watu zaidi ya 200. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji na matope yaliwazoa watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini. Nchini Burundi Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika makazi ya watu kule Gatumba. Na miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, matope kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Mvua hizo hazikutoka gizani. Tangu Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetangaza kuwa vuli ya mwaka huo ingekuwa na El Niño. Maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, mwelekeo wa upepo na mvua hubadilika sehemu nyingi za dunia. Na Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto pia, unyevu mwingi husukumwa kuja Afrika Mashariki. Vuli ya 2023 ililowesha ardhi. Masika ya 2024 ilipofika, ardhi ilikuwa kama sifongo iliyokwisha kujaa: maji yaliyoongezeka hayakuwa na pa kuingia, yakakimbilia mtoni.

Je, ni adhabu?

Mseminari wa leo ni mhubiri wa kesho, na siku moja atasimama mbele ya jeneza la mtoto aliyechukuliwa na maji. Aseme nini? Ni swali la kichungaji, na linahitaji kujibiwa kabla msiba haujafika.

Maandiko Matakatifu yanatuzuia kusema ovyo. Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 9, baada ya gharika, Mungu anaweka agano na Nuhu na kila kiumbe hai kwamba gharika haitaiangamiza dunia tena. Mhubiri anayetumia mafuriko kama fimbo ya Mungu anapaswa kuisoma sura hiyo mpaka mwisho. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki watatu walikuwa na maelezo safi kabisa kuhusu kwa nini rafiki yao anateseka. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Na katika Injili ya Luka sura ya 13, Bwana wetu Yesu Kristo anawakumbuka watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha anakataa waziwazi wazo la kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Lakini Yesu haishii hapo. Baada ya kuwaondolea lawama waliokufa, anawageukia wanaomsikiliza na kuwataka watubu. Tafsiri yake kwetu ni nzito. Msiba wa jirani unampa kazi aliyebaki hai. Toba ni kugeuka, na kugeuka ni kubadili namna tunavyoishi, tunavyojenga, tunavyolima na tunavyotawala. Mafundisho ya Kanisa hutofautisha kile Mungu anachokitaka na kile anachokiruhusu. Tukisema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya mfereji ulioziba kwa takataka zetu wenyewe, tunamsingizia Mungu uzembe wetu. Kule Mai Mahiu, mamlaka za maji za Kenya zilieleza kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba kwa miti, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Hakuna katekisimu inayotufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziba njia hiyo.

"Mbona hawahami?"

Sasa tuiangalie kauli ya pili. Anayeuliza kwa nini watu wa Rufiji hawahami bondeni kwa kawaida haijui Rufiji.

Bonde la Rufiji halikuanza kufurika jana. Kwa vizazi vingi mafuriko ndiyo yaliyolisha watu wake. Maji yakipanda huleta udongo wenye rutuba, na hujaza mabwawa ya pembeni ambamo samaki huzaliana. Maji yakishuka, wakulima hupanda mahindi, kunde na maboga katika udongo uliobaki na unyevu. Wenyewe huita kilimo hicho mlau. Shamba la mlau halihitaji mbolea ya dukani, na mwaka mzuri humlisha mtu aliyepoteza mpunga wake kwa maji. Kwa hiyo mto huohuo ulionyang'anya ndio uliorudisha.

Mpunga nao una sheria zake. Hupandwa mvua zinapoanza na hukomaa katika miezi ya masika. Wakati huo ndege, nguruwe pori na viboko hawalali, kwa hiyo mkulima naye halali. Anajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, anahamia shambani na familia yake mpaka mavuno. Maana yake ni kwamba wakati mto una hatari zaidi ndio wakati ambao mkulima hana budi kuwa bondeni. Hayupo pale kwa ubishi. Yupo pale kwa sababu chakula cha mwaka kipo pale.

Serikali imewahi kuwahamisha. Baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wengi wa bonde walipelekwa katika vijiji vya sehemu za juu, katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Rufiji. Huko juu walipata shule, zahanati na barabara. Lakini ardhi ya juu ni ya kichanga na mvua zake hazitabiriki. Wengi walibaki na nyumba juu na shamba chini, wakitembea mwendo mrefu au kuhamia bondeni kwa msimu. Mwaka 1974 mafuriko makubwa yakarudi, na watu walikuwa na nyumba za kukimbilia. Fundisho la historia hiyo ni kwamba kuhama kunawezekana na kunaokoa maisha, ila kuhama bila kujua mtu atakula nini ni nusu ya jibu. Anayesema "hameni" lazima aseme pia "mtalima wapi."

Kuwalaumu waliokufa kwa sababu walikuwa shambani kwao ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kuwa majini. Hatuoni upendo wa Kikristo katika lawama hiyo.

Mto wenye funguo

Kuna jambo jingine ambalo mhubiri mwaminifu hawezi kulikwepa. Mto Rufiji wa leo si ule wa 1974. Juu ya bonde limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Ujazaji wa maji ulianza tarehe 22 Desemba 2022, na umeme wa kwanza ulianza kupatikana Februari 2024. Miezi miwili baadaye yakaja mafuriko.

Wakati ule maneno yalikuwa mengi. Wananchi wa chini walilalamika kwamba maji yalifunguliwa yakawajia. Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mvua, na kwamba bwawa lilipunguza makali kwa kuzuia sehemu kubwa ya maji ambayo yangeshuka yote kwa mara moja. Sisi si wahandisi, na hatuko hapa kuamua kesi hiyo. Nchi inahitaji umeme. Zahanati ya kijijini inauhitaji ili kuhifadhi chanjo, na mwanafunzi anauhitaji ili kusoma usiku. Bwawa likitumiwa vizuri linaweza kweli kuwa ngao kwa watu wa chini.

Tunachosema ni kitu kinachofuata kutokana na maelezo ya pande zote mbili. Zamani mto ulipanda kwa dalili ambazo wazee walizijua: rangi ya maji, majani yanayoelea, sauti ya usiku. Sasa kiasi cha maji yanayoshuka, na saa ya kushuka kwake, hutegemea pia uamuzi wa binadamu ofisini. Dalili za wazee hazitoshi tena, kwa sababu wazee hawawezi kusoma uamuzi wa mtu. Mto umepata funguo. Na mwenye funguo, katika Injili, ni mtu mwenye wajibu mkubwa kuliko wengine wote nyumbani.

Wajibu huo una sura tatu zinazoeleweka na kila mtu. Kwanza, mtu wa chini apewe taarifa mapema, kwa muda unaomtosha kutoka shambani na watoto, mbuzi na magunia yake. Kwa mtu anayeishi kwenye dungu kilometa nyingi kutoka barabarani, taarifa ya saa chache ni sawa na kutopewa. Pili, taarifa hiyo imfikie: redioni, kwa ujumbe wa simu, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa. Tatu, wakulima waelezwe kalenda ya mto mpya. Kama mafuriko ya kawaida yatapungua, mlau utapungua pia, na rutuba iliyoletwa na tope itabaki bwawani. Watu wana haki ya kuambiwa hivyo na kusaidiwa kubadili kilimo, si kugundua wenyewe baada ya njaa mbili.

Kudai haya si siasa za vyama. Ni kudai kwamba uhai wa mkulima wa Mohoro au Chumbi uwe na thamani ileile ya taa inayowaka mjini.

Jirani yangu ni nani?

Huenda msomaji wa Njombe, Iringa au Mbeya anadhani makala hii inawahusu watu wa Pwani. Tumwombe afungue ramani. Mto Rufiji unazaliwa na mito mitatu mikubwa: Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Tone linaloanguka kwenye miteremko ya nyanda za juu za kusini linapita Usangu, Mtera na Kidatu kabla ya kufika Utete. Jingine linashuka kutoka milima ya Udzungwa, linalijaza bonde la Kilombero, na kuendelea chini. Msitu ukikatwa juu, maji yanashuka kwa haraka na kwa tope zaidi. Vinyungu vikilimwa mpaka ukingoni mwa kijito, udongo wa ukingo unaondoka na maji.

Kwa hiyo mwamini wa juu na mkulima wa Rufiji ni majirani hata kama hawatakutana maisha yao yote. Mwanasheria aliyemuuliza Yesu kuhusu jirani alitaka mpaka, na Yesu akampa mtu aliyelala njiani. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikika pamoja. Katika nchi yetu mafundisho hayo yana anwani: mti unaokatwa mteremkoni unalia mahali pamoja, na mama anayepoteza mpunga wake analia mahali pengine, na mto ndio unaounganisha vilio hivyo.

Tufanye nini?

Baada ya kila maafa parokia zetu hukusanya nguo, unga na fedha. Ni jambo jema na liendelee. Lakini msaada unaokuja baada ya maziko hauwezi kumfufua mtu. Yosefu alipotafsiri ndoto za Farao katika Mwanzo 41, hakuishia kwenye tafsiri. Alijenga maghala wakati chakula bado kipo. Tunapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji mfadhili.

1. Utabiri wa TMA usomwe kanisani. Tunatangaza ndoa kwa Dominika tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Kipaza sauti hichohicho kinaweza kusoma tahadhari ya mvua kubwa, kwa lugha ya kawaida, pamoja na maelezo ya eneo gani la parokia liko hatarini. Watu wengi wanaliamini tangazo la kanisani kuliko ujumbe wa simu wasioujua umetoka wapi.

2. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijue nani hawezi kukimbia. Kila jumuiya inawafahamu wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, watu wenye ulemavu na wajawazito. Iandikwe orodha, na kila jina liwe na watu wawili waliokubali kulibeba jukumu hilo. Orodha hiyo isichague dini. Wakazi wengi wa Rufiji ni Waislamu, na maji hayaulizi ubatizo. Parokia na msikiti vinavyoshirikiana kuzika vinaweza kushirikiana kuokoa.

3. Majengo ya parokia yaliyo sehemu za juu yajulikane mapema kama mahali pa kukimbilia. Iamuliwe leo nani ana ufunguo wa ukumbi, vyoo viko vingapi, na maji safi yatatoka wapi. Kipindupindu hupenda kambi ambayo haikupangwa.

4. Walei wetu waingie katika kamati za maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hizo kuanzia juu hadi vijijini. Kamati isiyokutana ni jina tu. Mwalimu mstaafu, nesi au fundi kutoka kigango chetu anaweza kuwa ndiye anayeuliza katika kikao: taarifa ya bwawa itatufikiaje, na kwa saa ngapi?

Kuna wanaosema kwamba padre si mtaalamu wa hali ya hewa, na kazi yake ni roho za watu. Tunaiheshimu hofu yao, kwa sababu ni kweli Kanisa likigeuka ofisi ya misaada litapoteza chumvi yake. Lakini roho tunazotumwa kuzichunga zinakaa katika miili, na miili hiyo inakaa mabondeni. Padre hahitaji kutabiri mvua. Anahitaji kuwafikishia watu wake onyo la waliotabiri. Kwa wenzetu waseminari tunaongeza hili: mwaka wa uchungaji ukikupeleka kwenye parokia yenye bonde, jifunze mto wake kama unavyojifunza lugha ya wenyeji. Uliza maji yalifika wapi mara ya mwisho. Uliza nani alikufa, na kwa nini hakujua.

Na siku ya msiba, kama itafika licha ya yote, tusijifanye tuna maelezo. Tukae chini na wafiwa. Tuwaombee marehemu, pamoja na wale ambao miili yao mto haukuirudisha, kwa kuwa Mungu anajua walipo. Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro kabla hajasema neno la kuamuru, na sisi hatuna mamlaka ya kuruka machozi hayo. Kisha, matanga yakishaisha na viti vikarudishwa, tuanze kuuliza maswali yale ambayo kauli "ni mapenzi ya Mungu" ilikuwa inatuzuia kuyauliza. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Masika haikosi kurudi, na muda wa kujiandaa ni huu ambao jua bado linawaka.

Mungu awape pumziko la milele wote waliochukuliwa na maji, awafariji waliobaki, na atujalie sisi tulio mahali pakavu moyo wa kuamka mapema.